Treni ya Shemeji na Kigoda cha Dada

Shemeji yangu ana wake wawili: dada yangu, na boila. Boila ndiye mke mkubwa. Nayasema haya mbele yake na hajawahi kununa, kwanza kwa sababu mimi ni shemeji yake na utani ni haki yangu, pili kwa sababu anajua ni kweli.

Alifanya kazi hospitali, kwenye chumba cha boila, lile pipa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke, chini kabisa, nyuma ya mahali mashuka yanapofuliwa kwa mvuke. Kazi yake ilikuwa kulisha moto, kutazama mshale wa presha, na zaidi ya yote kutazama kioo cha maji, yaani kile kimrija cha kioo kinachosimama ubavuni mwa boila kuonyesha maji yamefika wapi ndani. Sheria ilikuwa moja, na aliihubiri nyumbani mpaka watoto wakaikariri kama sala: maji yakipotea kwenye kioo huulizi, husubiri, hubishani na mtu. Unaangusha moto. Boila lenye moto bila maji halimwonyi mtu, linapasuka. Hata birika la jikoni halikuaminika. Mtu akibandika maji ya chai, Shemeji anakuja kufunua mfuniko achungulie.

Kisha hospitali ikaleta mashine za umeme. Shemeji akapigiwa makofi, akapewa saa ya ukutani, akaambiwa akapumzike. Alipumzika vibaya sana. Alikaa sebuleni akiikodolea macho ile saa kama vile ina presha, na kila nilipokuja kutembea nilimkuta palepale, mikono magotini, hana la kufanya nayo.

Ndipo akaanza kujenga treni.

Simaanishi treni ya kuchezea. Ilikuwa treni ya mvuke ya kweli, ila ilinifikia magotini. Boila la shaba, tanuri la makaa, silinda mbili, magurudumu yaliyochongwa na fundi mmoja aliyedhani ni ya mashine ya kusaga, na nyuma yake behewa la mbao ambalo mtu mzima anaweza kulikalia kama anavyokalia baiskeli. Aliijengea kwenye chumba cha nyuma, kile walimolala watoto kabla hawajaenda kuanza maisha yao.

Na hapo ndipo ugomvi ulipo. Dada yangu ni fundi cherehani, na tangu watoto wakiwa shule ya msingi alikuwa akikihesabu kile chumba kuwa chake. Alikuwa akishonea kwenye meza ya kulia. Kila mlo katika nyumba ile ulianza kwa kuhamisha gauni la mtu, na mimi kwa mdomo wangu huu nimewahi kutafuna kifungo ndani ya wali. Sasa chumba kimepatikana, na ndani yake kumelala treni.

Wala haikulala kimya. Ilikula vitu vya dada. Mkasi mzuri wa vitambaa ulikata bati. Chaki ya kuchorea mapindo ilichora vyuma. Mafuta ya cherehani yaliisha kabla ya uzi, na ukimuuliza Shemeji, anatazama dari.

"Baba watoto," dada alisema siku moja, "mafuta yangu yamekwenda wapi?"

"Yamevukiza."

"Yamevukizia wapi?"

"Hewani, mama watoto. Mafuta ndivyo yalivyo."

Safari ya kwanza ya majaribio nilikuwepo, na namshukuru Mungu kwa hilo. Shemeji alitandika reli uani, akawasha moto, akapanda behewa, akajiweka sawa kama mheshimiwa anayepigwa picha, akasukuma mkono wa gia mbele. Treni ikarudi nyuma. Vile vifito vinavyofungulia mvuke njia yake alikuwa amevifunga kichwa chini miguu juu, kwa hiyo mbele ilikuwa nyuma na nyuma ilikuwa mbele. Yeye, uso ukiwa bado umekaza kutazama mbele, alirudi kinyumenyume mpaka kwenye kamba ya nguo, na alipotoka upande wa pili alikuwa amevaa kichwani gauni la ndani la mteja.

"Shemeji," nikamwambia, nikishika ubavu kwa kicheko, "harusi lini?"

Dada hakucheka. Gauni lilikuwa limetoboka kwa cheche. Aliingia ndani, akatoka na kigoda chake cha kushonea, akakitua kwa kishindo kando ya reli, mbele ya mlango wa jikoni.

"Hiki ni kituo," alisema. "Jumamosi utanipandisha hapa. Hilo dude lako likinizungusha nyumba hii mara tatu, bila kusimama na bila kusukumwa, likanishusha hapahapa, chumba ni chako, sitakitaja tena mpaka naingia kaburini. Likishindwa, mwenye vyuma chakavu analichukua na cherehani yangu inaingia. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Shemeji.

Watu wengine wakistaafu wanapoteza mshahara. Huyu alikuwa amepoteza joto, harufu, mlio, kila kitu kilichomfanya aamke, na alikuwa amejirudishia kidogo kwa mikono yake ndani ya kile chumba. Nilimwonea huruma. Nilimwonea huruma na dada pia, aliyesubiri miaka yote ile huku mgongo ukipinda juu ya meza ya kulia. Sipendi kuwahurumia watu wawili kwa mpigo, inanichosha.

Wiki nzima Shemeji alivigeuza vifito, akatandika reli kuizunguka nyumba, akapima kila kiungo kwa futi ya dada. Jumamosi asubuhi moto uliwaka vizuri. Majirani walikuja juu ya ukuta, kichwa baada ya kichwa, akiwamo mwalimu wa jirani aliyebeba kikombe chake cha chai kama vile amekuja mpirani. Mshale wa presha ulipanda, vali ikaanza kupumua, kila kitu kikawa tayari isipokuwa abiria.

Abiria alikuwa anavaa. Tulimsubiri, na boila likamsubiri, likinywa maji yake taratibu. Hatimaye dada alitoka na gauni la sikukuu, viatu vya kisigino na mkoba.

"Mkoba wa nini, dada? Unazunguka nyumba yako mwenyewe."

"Uliona wapi mtu anasafiri bila mkoba?"

Akakaa nyuma ya mumewe, akamshika bega kwa vidole viwili, kama anashika mtu asiyemjua. Shemeji akasukuma gia. Treni ikaenda mbele.

Ilikwenda, jamani! Ilipumua chaf-chaf, ikakata kona ya tangi la maji, ikapotea mbele ya nyumba, na majirani wakahama ukuta mmoja kwenda mwingine wasije wakapitwa. Mzunguko wa kwanza dada alipita mbele yangu amekunja uso kama mkaguzi wa shule. Lakini Shemeji, kwa furaha ya kukipita kigoda salama, alivuta kamba ya filimbi mara moja. Ikalia kweli, mlio mwembamba wa kukata masikio.

"Hiyo inapigwaje?" dada akauliza.

Shemeji akampitishia kamba begani. "Kidogo kidogo tu, mama watoto. Filimbi inakula mvuke, na mvuke ni maji."

Kumwambia dada yangu kidogo kidogo ni kupoteza pumzi. Alimpigia filimbi mwalimu, akawapigia kuku, akanipigia mimi, akapiga kwenye kona, na pasipo na kona akapiga vilevile. Mzunguko wa pili alikuwa anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu tukiwa wasichana tunalala kitanda kimoja. Mkoba ulikuwa umehamia kwapani na vidole viwili vimekuwa mkono mzima, umemzunguka mumewe kiunoni. Shemeji naye alikuwa akipiga pampu ya mkono kuongezea boila maji, mbio mbio, asimkataze. Nilimwona wazi anataka kumkataza. Alishindwa.

Wakaingia mzunguko wa tatu. Walipokata kona ya mwisho, pampu ikaanza kukohoa hewa tupu, kitangi cha maji cha treni kimekauka. Kigoda kilikuwa pale pale, ningeweza kukigusa na kuigusa treni bila kusogea. Shemeji akainama akatazama kioo cha maji. Nikauona uso wake ukibadilika.

Mvuke uliobaki ungetosha. Mimi nauza miwani, sijui lolote la boila, lakini hata mimi niliona treni ilikuwa bado na nguvu ya kukifikia kile kigoda. Yeye hakutazama kigoda. Alichomoa pini chini ya tanuri, makaa yote mekundu yakamwagika katikati ya reli, akafunga mvuke, na treni ikasimama.

Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Mbona tumesimama?" akauliza dada.

"Maji yamepotea kwenye kioo."

"Lakini kituo si kile pale!"

"Nakiona."

"Si ungeiacha ifike tu, baba watoto? Hatua mbili?"

"Na wewe umekaa hapo?" alisema Shemeji, akashangaa kwamba lilihitaji kuulizwa.

Nikafungua mdomo. "Dada, ile filimbi yako ndiyo..."

"Shemeji," mumewe akanikatiza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "niletee ndoo ya maji nizime haya makaa."

Nikaleta ndoo. Akayazima, akaanza kuokota spana zake moja moja. "Kesho nitahamisha vitu," alisema, akiwa ameinamia sanduku. "Chumba kitakuwa wazi kabla ya mchana."

Dada alishuka. Akajipangusa majivu kwenye gauni, akaenda mpaka kwenye kigoda. Nikajua anakwenda kukikalia atuonyeshe kwamba ameshinda, maana moyo huo anao, tumelelewa pamoja. Akakinyanyua. Akarudi nacho, akakitua kando ya behewa, pale pale treni iliposimama, akakaa na kuweka mkoba mapajani.

"Nimefika," alisema.

Akamgeukia mumewe.

"Chumba chako. Ila dirisha langu. Cherehani inakaa dirishani penye mwanga, wewe na huyu mke mwenzangu mtajibana huko ndani. Na mafuta yangu usiguse."

"Sigusi," alisema Shemeji, na spana ikamponyoka.

"Basi weka maji unirudishe."

"Lazima boila lipoe kwanza. Itachukua muda."

"Nitasubiri."

Akasubiri kweli, ametulia kwenye kigoda chake katikati ya uani, miguu kando ya makaa yaliyozimwa. Mkononi alikuwa bado ameshika kamba ya filimbi. Ilikuwa imekatika kwa kuvutwa.