Nimefuta mpaka wa watu kwa kipanya

Jamani, leo nimepigwa ngumi ya mdomo kwenye studio yangu ya picha hapa Njoro, na aliyenipiga ni mteja wangu mwenyewe!

Iko hivi. Baba Neema wa Marangu alinitumia picha ya binti yake akiruka kamba kihambani, shamba lao la urithi. Mtoto yuko hewani kabisa, ila nyuma kuna ndoo, kanga zimeanikwa, majani.

"Toa huo uchafu wa nyuma," akaniambia.

Mimi tena! Fundi niliyepiga harusi hadi Nairobi! Nikafuta vyote, nikapanda nyasi kama za uwanja wa mpira.

Leo kaja kuichukua na kaka yake. Kaka kuiona tu, kicheko.

"Si unaona? Hata picha ya mwanao inasema hapo hapajawahi kuwa na masale!"

Mchagga asiyejua kuwa yale majani, masale, ndiyo mpaka wa kihamba ni nani? Ni mimi, leo asubuhi.

Baba Neema akanigeukia, "Mpuuzi wewe, umefuta mpaka wa marehemu baba! Huyu kayang'oa juzi, na simu yangu imezama mferejini!"

Ngumi. Kisha akamrukia kaka yake. Kiti kikavunjika, damu ukutani. Nikaingia kuamua, nikala kiwiko cha pua.

"Ya mwanzo ninayo!" nikapiga kelele.

Wakaachiana. Nikaifungua: masale yote yamesimama nyuma ya mtoto.

Kaka akaninong'oneza, "Ifute na hiyo, mdogo wangu, nakuletea mbuzi mzima."

Nimeichapa kubwa, nimempa Baba Neema bure.

Semeni ukweli, nyie mngemkataa huyo mbuzi?