Kamati ya majembe Nachingwea: mjumbe mmoja viti viwili, na udongo wetu ukafeli

Wakuu, shikamooni mlio wakubwa kwangu, ingawa sidhani kama mpo humu. Nimevuka tisini na naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya niliyaona mwenyewe, na mengine nilishiriki, kwa hiyo sina namna ya kuyapamba nikatoka shujaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa karani na mkalimani wa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa wakati ule, pale Nachingwea.

Kulikuwa na kampuni ya kigeni ya kilimo, sitaitaja. Pamoja na matrekta yake ilileta majembe ya mkono stoo nzima, na hakuna aliyeyataka. Watu wa Naipingo mpaka Chinongwe walinunua kwa wahunzi wao.

Mhunzi wa Naipingo alikuwa Mjomba Saidi, kaka wa mama yangu, aliyenilea na kunisomesha.

Basi kampuni ikaishauri serikali iweke kiwango cha jembe. Lisilofikia kiwango, marufuku sokoni. Serikali ikaona ni jambo la maendeleo, ikaunda kamati.

Msishangae. Maji tuliyokunywa ofisini yalikuwa ya kampuni, taipu ya kampuni, hata kiti cha Bwana Shauri kilikuwa cha kampuni.

Kamati ilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni Bwana Shauri. Mjumbe wa kampuni. Mtaalamu wa zana. Na mwakilishi wa wakulima.

Mjumbe wa kampuni na mtaalamu wa zana walikuwa mtu mmoja.

Mwakilishi wa wakulima alikuwa Rashidi, mpishi wa mtu huyo huyo. Kilimo alichokijua Rashidi kilianzia kwenye kumenya vitunguu.

Bwana Shauri alipenda utaratibu, akaagiza kila mjumbe aseme akiwa kwenye kiti chake. Kwa hiyo yule bwana wa kampuni alikuwa anauliza swali kama kampuni, anainuka, anazunguka meza, anakaa, anajijibu kama mtaalamu. Kisha anarudi upande wa pili kujishukuru.

Mimi naandika.

Mpaka mchana alikuwa amelowa jasho. Akapiga kura mbili za kulipitisha jembe la kampuni, na Rashidi akanyoosha mkono huku wa pili umeshika birika la chai.

Mjomba alipopata habari hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilikuwepo. Nikasema nilikuwepo. Akaendelea kuvukuta moto, na mimi nikakosa pa kuweka uso.

Likabaki jaribio shambani. Tukaenda Naipingo kabla ya mvua, ardhi imekauka kama sakafu. Akachaguliwa Binti Mfaume, mama mmoja ambaye kwa kulima hakuwa na mpinzani.

Akaanza na jembe la Mjomba, akalima tuta zima, akasimama kufuta jasho.

Akapewa la kampuni. Kwenye pigo la tatu likajikunja kama sikio la mbuzi. Wakampa jingine, likajikunja. La tatu likachomoka kwenye mpini likaangukia karibu na Rashidi, mwakilishi wetu, naye akakimbilia kwenye gari.

Yule bwana akachuchumaa, akachukua udongo, akausugua vidoleni, akaandika kwenye daftari. Halafu akanigeukia nitafsiri.

Wakuu, nilimwomba arudie. Akarudia.

Nikawaambia watu kwa Kimwera: mtaalamu anasema jembe halina kasoro, ila udongo wa Naipingo haujafikia kiwango.

Binti Mfaume akaniambia, taratibu kabisa, "Muulize, huo uliofikia kiwango tutaletewa lini? Mvua inakaribia."

Nikatafsiri. Bwana Shauri akafikiri, akasema hiyo ni hoja ya msingi, niiandike.

Kesho yake yule bwana wa kampuni akaniita pembeni. Akasema ripoti ikiwa fupi, kuna nyumba ya bati ya makarani wa kampuni, naweza kuhamia.

Hapa ndipo mngetaka niseme nilikataa. Sikukataa. Niliitaka sana nyumba ile. Tatizo ni kwamba shuleni tulifundishwa imla tu, kuandika kila kinachosemwa. Kufupisha sikujua. Nilijaribu siku mbili, nikaishia kutuma yote makao makuu Lindi: nani aliuliza, kiti gani, nani alijibu, alizunguka meza upande upi.

Majibu yalikuja baada ya miezi. Walikubali jembe rasmi. Lakini kwa kuwa mtaalamu amegundua kasoro kwenye udongo, sheria isianze kutumika mpaka kampuni ilete udongo wa mfano na wa wilaya nzima urekebishwe.

Kampuni ikajibu kwamba udongo si kazi yake. Faili likalala hapo.

Nyumba ya bati sikupata. Nilihamishiwa Ruangwa, nikazunguka Mbwemkuru nikiandikisha mbwa.

Kampuni ilipofunga shughuli zake, Mjomba aliyakusanya majembe yale, akayatia motoni, akayafua upya na kuyauza. Nilimuuliza kama chuma chenyewe kilikuwa kibovu. Akasema, "Chuma kizuri tu. Hakikupigwa vya kutosha."

Nilichojifunza: ukisikia wataalamu wamethibitisha, uliza kwanza wako wangapi na wanalipwa na nani. Na makarani, andikeni kila kitu, hata kama ni kwa kutojua.

Wenye wazee wa Naipingo na Ruangwa, waulizeni kuhusu majembe hayo mje mseme hapa. Wanaobisha pia karibuni, ila kila mmoja kwa akaunti moja.