Mtego wa Thelathini na Saba

Mwaka wa 1954 kazi ya Wamalwa ilikuwa kunasa panya, na watu wa Mau Narok walimcheka mpaka wakachoka. Mzungu aliyemwajiri, ambaye vibarua walimbandika jina Bwana Panya, alitaka kujua panya wa aina mbili wanawezaje kukaa mlima mmoja bila kufukuzana. Ukiutazama mlima kwa mbali, utaapa wanaishi pamoja. Piga magoti uone: wa mistari hatoki nyasini, wa kahawia hatoki kichakani, na mpaka wao ni hatua mbili tu. Bwana aliyatafuta hayo vitabuni. Wamalwa alitumia magoti.

Mitego ilikuwa mia, kando ya msitu. Asubuhi moja mtego wa thelathini na saba ulinasa panya wa nyumba. Kesho yake, mwingine. Wamalwa akapiga magoti, kwa maana panya huyo hakai pasipo na mtu, na nyumba ya karibu ilikuwa mwendo wa saa nzima. Akalaza sikio chini. Udongo ulikuwa na joto. Ndani yake mtu akakohoa, mara tatu, ya mwisho ikikwama kooni.

Kikohozi hicho alikijua. Alikisikia miaka minne katika kibanda alicholala na Ndung'u, mwenzake wa mitego, aliyetoroka siku askari walipokuja kuwakusanya Wakikuyu shambani.

Askari waliokuwa wakiwasaka waliotorokea msituni walikunywa chai kwa Bwana kila Jumamosi, naye akiwafungulia kwa majivuno daftari la panya, ambamo Wamalwa aliandika kila kilichonaswa. Wamalwa akawazika panya wote wawili kabla Bwana hajawaona, akaandika: hakuna kitu. Akaandika hivyo miezi miwili, na kila alipopita aliacha viazi viwili vya kuchoma.

"Wamalwa, hii mutego mbona iko bure kila siku?" Bwana akamuuliza.

"Hapo hakuna kitu, Bwana."

Mvua za Agosti zilipokuja, alikuta viazi vya jana palepale, vimelowa. Siku ya pili vinne. Ya tatu, sita. Mtego ulikuwa mtupu, bila hata unyoya wa panya wa nyumba. Alilaza sikio kwenye udongo; ulikuwa baridi.

Akafungua daftari, akaandika: hakuna kitu. Siku hiyo hakuwa amedanganya, akalia.