Siku ya Ndoa Yangu Nilikuwa Chumbani

Ofisa wa ubalozi aliishika picha kwa ncha za vidole, akaitazama, akaigeuza kuona kama nyuma kumeandikwa kitu, kisha akaisimamisha kwenye kioo ili niione, kana kwamba si mimi niliyeileta.

"Huyu ni mume wako," alisema kwa Kiingereza. Pembeni yake alikaa mkalimani, dada wa Kitanzania, naye akanitafsiria ingawa nilikuwa nimeelewa. "Na huyu aliyeshikana naye mikono ni nani?"

"Baba yangu mdogo. Ndiye aliyeniozesha. Baba mzazi alishafariki."

"Na wewe uko wapi?"

"Hapo sipo."

Nilimpitishia picha ya pili chini ya kioo. Humo nimekaa kitandani, mikono imejaa hina, nimezungukwa na wanawake wa kwetu, na mume wangu haonekani. Ofisa aliziweka picha zote mbili sambamba, akawa anahamisha macho kutoka hii kwenda ile. Ya tatu, ya jioni, tumekaa pamoja mimi na mume wangu. Aliipokea pia, lakini akasema hiyo ni ya sherehe. Yeye alitaka kuona ndoa.

"Kwa hiyo ndoa yako ilipofungwa, wewe hukuwepo."

Mkalimani alisita kidogo kabla ya kuitafsiri hiyo. Naye alikuwa amejitanda mtandio, na nadhani alijua vizuri mambo yanavyokwenda. Lakini aliajiriwa kutafsiri, hakuajiriwa kueleza.

"Nilikuwepo," nilisema. "Nilikuwa chumbani."

Haikusaidia.

Kufika kwenye dirisha lile kulinichukua zaidi ya mwaka. Mume wangu ni mtu wa Pangani aliyekwenda Ulaya kusomea uuguzi, akapata kazi, akabaki, akapata na uraia wa huko. Alikuja likizo tukaoana, likizo ikaisha akarudi, na kuanzia hapo maisha yetu yakahamia kwenye makaratasi. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na herufi moja pungufu kwenye jina la babu. Cheti cha ndoa kutoka kwa shehe kilitakiwa kisajiliwe serikalini, kisha kitafsiriwe, kisha tafsiri igongwe muhuri. Picha za pasipoti zilikataliwa kwa sababu ya kivuli, na mpiga picha wa mtaani kwetu Dunda akaninunia kama niliyeleta kivuli kutoka nyumbani. Fomu ya mtandaoni ilijifuta yenyewe kila umeme ulipokatika. Nilinunua faili lenye vitenganishi vya rangi, nikapanga kila kitu kwa mpangilio walioutaka wao, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mpangilio ndio utakaonipeleka.

Walitaka pia ushahidi kwamba tunawasiliana. Sisi huongea kwa simu, tena sana, na maneno ya simu hayachapishiki. Tulichokuwa nacho kwa maandishi ni kidogo na kikavu. Nilikipeleka steshenari karibu na stendi ya Bagamoyo, na yule dada wa kompyuta akawa anasoma kwa sauti huku anachapa.

"'Umekula?' 'Nimekula.' 'Umeme umerudi?' 'Bado.'" Akanigeukia. "Dada, samahani, hii ni ndoa au ni ofisi ya umeme?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nami nilicheka, lakini nilikwenda nyumbani nimefura. Nilijiona kama mwanafunzi anayetafuta alama za mapenzi na hazimtoshi.

Sasa nilikuwa na jambo kubwa kuliko kivuli. Ofisa alisema ombi langu la viza ya kumfuata mume wangu halijakataliwa, wala halijakubaliwa. Alinipa karatasi. Mambo yalikuwa mawili: kiapo cha mtu aliyeniozesha, na kiapo cha mtu mwingine aliyekuwepo, vyote vieleze kwamba mimi mwenyewe nilikubali kuolewa, na wao walijuaje. Nikishindwa kuvileta, faili linafungwa na tunaanza upya, ada mpya, fomu mpya, mwaka mwingine.

Nilidhani ni kazi nyepesi. Kwetu, kabla shehe hajafungisha, walii, yule mzee anayemwozesha binti, huja na mashahidi wawili hadi mlangoni kwa bibi harusi kuomba idhini. Huuliza, hujibiwa, huenda zao msikitini. Nilichohitaji ni wale waliosimama mlangoni waseme walichosikia.

Nilimweleza shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ninayeishi naye Dunda. Alikuwa anapepeta mchele barazani.

"Picha tu ndiyo inawasumbua?" alisema. "Nguo si zipo? Mumeo akija tunawapamba tena, tunawakalisha hapa na shehe katikati, tunapiga. Nani atajua?"

"Shangazi, huo ni uongo."

"Uongo gani? Si mmeoana?"

"Basi twende kwenye kiapo. Wewe ulikuwa chumbani. Nilijibu nini walipouliza?"

Ungo ulisimama. Alinitazama, akaanza kucheka taratibu, kile kicheko cha mtu aliyekumbuka kitu ambacho hakitafurahisha upande wa pili.

"Wewe? Hukujibu kitu. Ulikuwa umeinamisha kichwa kama kuku wa mvua. Baba yako mdogo kauliza mara ya kwanza, kimya. Kauliza mara ya pili, kimya. Jua linapanda, watu wamejaa msikitini, pilau iko jikoni. Nikajibu mimi."

"Ulijibu nini?"

"Nikasema, 'Amekubali, nendeni!' Tukapiga vigelegele."

Ilikuwa kweli. Nilikumbuka sauti yake juu ya kichwa changu na vigelegele vilivyofuata. Sikuwahi kuona tatizo. Kila harusi niliyohudhuria kuna mtu mzima wa kumjibia bibi harusi, na bibi harusi anayejibu mwenyewe kwa sauti kavu husemwa mwezi mzima. Mimi nilimtaka mume wangu, na nyumba nzima ilijua. Lakini karatasi ya ofisa haikuuliza nilimtaka nani. Iliuliza nilisema nini, na mashahidi wangu, wakiapa kweli, wangeapa kwamba walimsikia shangazi.

Nilikwenda ofisi ya wilaya kuuliza kama tunaweza kufunga ndoa ya serikali, mume wangu akija, wote wawili tukiwa mbele ya meza moja. Mama aliyenihudumia alikuwa mwema.

"Mnaweza kufunga hata kila mwaka, mwanangu," alisema. "Lakini sheria itahesabu ile ya kwanza. Hii ya pili ni pambo."

Ikabaki njia moja. Nikapanda basi kwenda Msata, kwa baba mdogo.

Ana duka la matairi njia panda, mahali malori ya Segera yanaposimama. Nilimkuta amekaa juu ya tairi, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, anamsikiliza dereva anayelalamika. Nilimwamkia, akaitikia, akaagiza niletewe maji. Nilisubiri dereva aondoke, nikampa karatasi na kumweleza yote kwa utaratibu. Aliisoma, akanirudishia.

"Siendi."

"Baba, ni kusaini tu mbele ya wakili."

"Nimekuozesha mbele ya shehe, mbele ya wazee wa mji. Leo niende kwa kijana wa suti nikaape kwamba sikukulazimisha? Kwani mimi nilikuuza? Nani kanishitaki?"

"Hakuna aliyekushitaki."

"Sasa kiapo cha nini?"

Mke wake alikuwa ndani ya duka, nyuma ya pazia. Alizungumza bila kutoka. "Na wewe mlangoni ulimsikia mtoto akisema? Si ulimsikia wifi yangu?"

"Nyamaza wewe."

"Nanyamaza. Nauliza tu. Maana ukienda ukaapa umemsikia mtoto, utakuwa umeapa uongo, na mwezi wa Ramadhani unakuja."

Baba mdogo alivua kofia, akajifuta uso, akaivaa tena. Nilimwona anavyopandwa na hasira, na mimi yangu ilikuwa imeshafika. Nilimwambia kwamba nimechoka. Nilimwambia mume wangu anaumwa mgongo kwa kuwainua wazee wa watu, na anarudi kwenye chumba ambamo hakuna hata wa kumpa maji, na mimi nazunguka na faili kama dalali. Kama heshima yake inaumia kwa saini moja, basi aniambie nimrudishie mtu wa Pangani cheti chake, kila mtu abaki kwao. Sijawahi kumpandishia sauti baba mdogo kabla ya siku ile. Fundi aliyekuwa anaziba tairi alijifanya anatafuta kitu chini ya lori.

"Umemaliza?" aliuliza baba mdogo.

"Nimemaliza."

"Hasira zote hizo, halafu Mzungu anauliza kama ulikubali. Angekuwepo hapa sasa hivi asingeuliza." Mke wake alicheka nyuma ya pazia. "Nikuulize. Posa ilipoletwa, nilikuita sebuleni kwetu au sikukuita?"

"Uliniita."

"Nikakuuliza unataka mahari gani. Mabinti wengine husema, 'Baba, utakavyoona wewe.' Wewe ukasemaje?"

Nilianza kuona anakokwenda. "Nilisema friza."

"Ulisema friza! Tena si friza tu, ukataja na ukubwa, na mlango uwe wa juu. Wale washenga wa Pangani walitazamana. Mimi nikaona aibu, nikakwambia ongeza na Msahafu. Binti anayelazimishwa anachagua mlango wa friza?"

"Hachagui," alisema mke wake.

"Hilo nitaapa. Nilikuita, nikakuuliza, ukanijibu kwa mdomo wako, na mke wangu yupo. Ya mlangoni nayo nitasema ilivyokuwa, kwamba aliyejibu ni dada yangu, maana hata marehemu baba yako alikuwa hapati nafasi ya kujibu akiwepo yeye. Ila wakili aandike ninavyosema mimi. Asinipambie."

Wakili alitaka kupamba. Aliandika kwamba bibi harusi aliridhia kwa hiari yake kamili bila shuruti wala ushawishi wa aina yoyote. Baba mdogo akamwambia afute. "Ushawishi ulikuwepo. Mwenzake alimshawishi mwaka mzima kwa simu. Andika friza." Waliandika friza. Mke wake alikula kiapo chake kando, akaeleza hata rangi ya kanga niliyokuwa nimejifunga siku ya posa, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulikumbuka.

Usaili wa pili uliahirishwa, ukapangwa tena, ukaahirishwa tena kwa ujumbe usioeleza sababu. Ulipofika, ofisa alikuwa mwingine, mwanamke wa makamo, na mkalimani alikuwa yule yule. Faili langu lilikuwa mbele yake, vitenganishi vyangu vya rangi vimeondolewa. Alisoma viapo kwa muda mrefu. Niliona kidole chake kikisimama mahali.

"Kiapo kinasema shangazi yako ndiye aliyejibu."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukujibu wewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza kila kitu: haya ya bibi harusi, wanawake chumbani, kazi ya walii. Nilikuwa nimeyaandika na kuyapanga. Lakini nilikuwa nimechoka kueleza kwetu kwa watu wenye saa ukutani, nikasema lililokuwa fupi na kweli.

"Kwa sababu nilikuwa nimeshajibu. Sikujua kama kuna mtu atauliza tena."

Mkalimani alitafsiri neno kwa neno, na safari hii hakusita. Ofisa aliandika. Akaniuliza mume wangu analala upande gani wa kitanda, mama yake anaitwa nani, na kama najua mshahara wake. La kwanza lilinikasirisha kuliko yote, nikalijibu huku nimetazama kioo. Kisha akachukua pasipoti yangu, akaitia kwenye trei iliyokuwa kulia kwake, akasema ombi limekubaliwa na nitaitwa kuja kuichukua. Hakuna aliyeniomba radhi kwa mwaka ule, na sijui ningemwomba nani aniombe.

Nilitoka nikawakuta ng'ambo ya barabara, baba mdogo na shangazi. Simu haziruhusiwi ndani, kwa hiyo hawakuwa wamesikia lolote tangu asubuhi. Baba mdogo alikuwa amekuja kwa hiari yake kutoka Msata, kanzu na koti, tayari kuitwa kama wangekuwa na shaka na maneno yake. Aliinuka aliponiona.

"Wameamini kiapo changu?"

"Wameamini, Baba."

"Kama kilivyo?"

"Kama kilivyo."

Aliitikia kwa kichwa, akaanza kutafuta bajaji. Shangazi alimshika mkono wa koti.

"Wewe nawe! Muulize mtoto viza kwanza!" Akanigeukia, akafungua mdomo kama anayetaka kuendelea, kisha akaufunga, akasubiri niseme.

"Nimepata," nilisema.

Hakupiga vigelegele. Alikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara, na viatu vyake vya kutokea, akaanza kulia. Ndipo nilipokumbuka kwamba katika miezi yote ile ya viapo na mihuri, hakuna ofisi hata moja, ya kwao wala ya kwetu, iliyomuuliza shangazi, wala mimi mwenyewe na faili langu sikumuuliza, kama yeye amekubali niondoke.