Migongo ya Karatasi za Generose

Generose Ninahazwe hakupokea karatasi ya mtu bila kuigeuza na kuangalia mgongo wake. Wateja wake wa Kimanga, mtaa wa Uvira anakokaa, walikuwa wamezoea. Mwanafunzi akimletea kazi ya kuchapa, au mama fulani akileta barua ya kupeleka ofisini, Generose aliisoma upande wa mbele, akaigeuza, na kama mgongo ulikuwa mweupe aliupiga mstari wa kalamu kutoka pembe hadi pembe.

"Mama, huko nyuma hakuna kitu," walimwambia.

"Ndiyo maana," alijibu.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Miaka ishirini na miwili alikuwa dactylo, mpiga chapa, katika ofisi moja ya serikali, na alipoondoka huko alinunua kompyuta ya mezani, akaiweka sebuleni, akaifunika kitambaa alichokisuka mwenyewe, akaendelea na kazi ileile. Lakini tabia ya kugeuza karatasi hakuipata ofisini. Aliipata kwa baba yake, mzee Ngendakumana, mkulima wa mpunga wa Sange. Siku moja mzee huyo aliweka sahihi chini ya barua fupi ya kumsalimu padri, akampa mdogo wake aipeleke. Padri hakuiona. Mwaka uliofuata ilitokea ikiwa na maneno mengine mgongoni, kwamba mzee amemwachia mdogo wake nusu ya shamba, na sahihi ya mzee ilionekana vizuri kwa upande wa pili. Kesi ilichukua miaka mitatu. Mwishowe hakimu alimpa mzee haki yake kwa hukumu ya kurasa ishirini na nne, na hukumu hiyo ndiyo Generose aliyoirithi pamoja na shamba.

Sasa mzee amekufa, na mdogo wake amekufa, lakini Sévère, mtoto wa yule mdogo, ameifufua kesi kwenye mahakama ya rufaa kule Bukavu. Hasemi kwamba hukumu ile ilikosea. Anasema haikuwahi kuwepo. "Generose ameichapa mwenyewe nyumbani," anawaambia watu. "Si ana mashine? Si ndiyo kazi yake?"

Kwa hiyo Jumatano ile Generose aliamka na jambo moja tu kichwani. Maître Emery, wakili wake, alitaka nakala ya hukumu nzima iwe Bukavu kabla ya saa tisa mchana, aiweke kwa karani wa mahakama. Ikichelewa, kesi ingesikilizwa bila hukumu hiyo, na Sévère angebaki kusema peke yake. Barabara ya kupanda Bukavu mvua ilikuwa imekwisha kuikata. Cyber ya mjini ilikuwa na mtandao mzuri, lakini mwenye cyber alikuwa shemeji yake Sévère, na Generose asingepitisha hukumu ya baba yake katika mashine ya nyumba hiyo hata kwa kufungwa macho. Ilibaki kompyuta ya sebuleni na wifi aliyogawiwa na Gratien, jirani yake wa ukutani.

Usiku wa jana alikuwa ameipitisha hukumu kwenye skana, karatasi kwa karatasi. Kwa rangi, ili wino wa bluu wa sahihi uonekane ni wa kalamu kweli. Kwa ubora wa juu kabisa, ili mtu asiseme herufi zimechezewa. Na kila karatasi pande mbili, mbele na mgongo, ingawa migongo yote ilikuwa mitupu, ili hapo baadaye asitokee mtu na mgongo wake mwenyewe. Kurasa arobaini na nane katika faili moja. Alilala akiwa ametulia.

Saa mbili asubuhi alifungua daftari dogo analoandikia mambo ya kila siku, akaliweka karibu na kibodi. Aliiambatanisha faili kwenye barua pepe, akabonyeza kutuma. Mstari wa kijani ulianza kutambaa taratibu, ukafika karibu na mwisho, ukasimama. Maneno mekundu yakatokea: haikutumwa.

Akajaribu tena. Ikasimama palepale.

Generose aliandika: *Saa mbili na dakika arobaini. Imekataa mara ya pili. Gratien ametoka nje na taulo.*

Alisogea dirishani. Gratien alikuwa amesimama uani kwake, povu mashavuni, kioo kidogo kimening'inizwa kwenye msumari.

"Gratien! Umegusa mashine yako ya wifi?"

"Minye? Niko nanyoa ndevu, mama. Labda ni huu wembe ndio unakata mtandao."

"Usinichekeshe. Jumapili ulikuwa na Sévère mbele ya kanisa. Mlishikana mikono."

"Alinisalimia, mama. Weye ulitaka nimutemee mate kwenye mlango wa kanisa?"

Generose alirudi kwenye kiti. Mtu asiye na hatia, aliwaza, hana haraka ya kufanya mzaha.

Akaamua kupima. Alimwandikia katibu wa Maître Emery, msichana aitwaye Noella ambaye hajawahi kumwona, barua ya mstari mmoja: *Nimejaribu mara mbili.* Barua ikaenda papo hapo. Kumbe njia iko wazi. Akachukua kazi ya mwanafunzi mmoja aliyoichapa mwezi uliopita, kurasa themanini juu ya ugonjwa wa mihogo, akajitumia mwenyewe kwenye anwani yake ya pili. Nayo ikaenda kabla hajamaliza kukohoa.

Kurasa themanini za mihogo zinapita. Kurasa arobaini na nane za baba yake hazipiti. Kama ingekuwa mtandao mbovu, ungekataa vyote. Huyu anayekataa anachagua. Na ili achague, lazima awe anasoma.

Aliandika hivyo hivyo katika daftari, akapiga mstari chini ya *anasoma*. Kisha akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akashusha pazia la upande wa Gratien.

Alipojaribu mara ya tano ilikuwa saa tano na dakika ishirini, na simu ikalia.

"Allô? Mama Generose? Ni Noella, wa kwa Maître. Mama, iko barua yako ndogo tu hapa. Hukumu iko wapi?"

"Wewe uniambie iko wapi."

"Aa, mama! Minye niko Bukavu."

"Na mimi niko Uvira, na hukumu imetoka kwangu mara tano. Kuna mtu anaizuia. Mambo ya mihogo anaacha yapite."

Upande wa pili kikasikika kicheko kilichozuiwa kwa kiganja. Generose alikisikia vizuri, akakiandika.

"Mama, samahani. Hebu shika mouse. Weka juu ya faili, bonyeza upande wa kuume. Iko neno *propriétés* pale chini. Inakuambia uzito gani?"

Generose alifanya, ingawa aliona ajabu kwamba msichana wa Bukavu ajue kilichoandikwa ndani ya kompyuta yake. "Sitini na mbili. Mega."

"Ee Mungu wangu. Sitini na mbili! Posta yetu ya mtandao haibebi zaidi ya ishirini. Hakuna anayesoma, mama. Inapimwa tu."

"Kurasa themanini zilipita."

"Zile ulichapa, mama. Za kuchapa hazina uzito. Hizi ulipiga picha. Si mna mpunga huko kwenu? Gunia la pumba na gunia la mchele, kwa macho ni sawa. Weka kwenye mizani sasa."

Generose alilijua gunia la pumba. Alilibeba kichwani akiwa na miaka minane, akijiona ana nguvu kama kaka zake. Maneno ya msichana yalikuwa na maana, na hilo lilimtia mashaka zaidi.

"Nimepiga picha na migongo mitupu, kwa kuwa karatasi za mahakama siwezi kuzipiga mstari wa kalamu pembe hadi pembe kama zile nyingine. Kwa hiyo unataka nifanye nini?"

"Ondoa migongo, mama. Si umesema ni mitupu? Kisha kata vipande vitatu, nane nane. Nitapokea kimoja kimoja."

Ondoa migongo. Generose alizivuta karatasi zenyewe karibu. Ni nani mwingine aliyewahi kumtaka baba yake aache mgongo wa karatasi bila mlinzi? Lakini saa ya ukutani ilikuwa saa tano na nusu, na karani wa mahakama angefunga daftari lake saa tisa.

"Nitafanya," alisema, "lakini kila kipande kikifika, utanipigia na utanisomea neno la mwisho la kila ukurasa."

"La kila ukurasa, mama?"

"Neno la mwisho. Kama hutaki, sema."

"Nataka, mama. Nitasoma."

Kurasa arobaini na nane zilijipanga kwenye skrini zikiwa ndogo kama stempu, moja ina maandishi, moja nyeupe. Generose alianza kufuta nyeupe. Alifuta haraka, asione uchungu, huku masikio yakiwa nje, kwa maana Gratien alikuwa ameanza kuimba na wimbo unaweza kuwa ishara. Kisha akakata vipande vitatu na kuvituma. Mstari wa kijani ulitambaa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara ulifika mwisho wa njia.

Noella alipiga saa saba kasoro robo. Alisoma maneno ya mwisho ya ukurasa wa kwanza hadi wa nane, na Generose alifuata kwenye karatasi zenyewe kwa kidole. Yote sawa. Kipande cha pili, sawa. Cha tatu alisoma hadi ukurasa wa ishirini na tatu, penye sahihi ya hakimu, akaishia hapo.

"Endelea."

"Imeisha, mama."

"Haijaisha. Ziko ishirini na nne."

"Hapa ziko nane, nane, saba."

Generose alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Basi ndiyo hii. Wala si Gratien. Ni huyu, mwenye sauti ya asali na magunia yake ya pumba. "Umeitoa! Noella, umeitoa! Nani amekutuma? Sévère amekuja huko lini?"

"Mama!" Sasa sauti ya msichana haikuwa na asali. "Minye simjui Sévère wako. Toka asubuhi sijakunywa hata chai, niko nakusomea maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Fungua ile uliyotuma. Hesabu mwenyewe. Kisha unitukane."

Generose alifungua. Akahesabu. Nane, nane, saba. Akachukua ile karatasi ya ishirini na nne mkononi, akaiangalia.

Ilikuwa nyeupe. Mwaka ule maandishi ya hukumu yaliishia chini kabisa ya ukurasa wa ishirini na tatu, na karani, kwa kukosa nafasi, aliukandamiza muhuri mkavu, ule usio na wino, kwenye karatasi iliyofuata. Kidole kiliusikia vizuri, duara lenye herufi zilizoinuka. Lakini skana haina kidole. Kwenye skrini ulikuwa ukurasa mweupe kati ya nyeupe nyingine, na Generose aliufuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Noella," alisema polepole. "Ni mimi. Nimeifuta mimi. Unisamehe."

"Haya, mama. Ina nini hiyo karatasi?"

"Muhuri mkavu."

Msichana alivuta pumzi. "Mama, bila hiyo watasema..."

"Najua watakachosema. Kwamba nimeichapa hapa sebuleni." Muhuri ndicho kitu pekee ambacho mashine ya Generose isingeweza kutengeneza, na ndicho alichokitupa.

"Na ukiituma nyeupe, mimi namwambia nini Maître? Kwamba muhuri upo, nisadiki tu?" Noella alipunguza sauti. "Usikasirike, mama. Lakini minye sijauona."

Ajabu ni kwamba Generose hakukasirika. Alijisikia kama mtu aliyesikia lugha ya kwao mahali asipoitarajia.

"Usisadiki," alisema. "Ngoja."

Ofisini, enzi zake, muhuri mkavu haukuangaliwa mbele. Uliangaliwa kwa mwanga wa ubavuni. Pazia la upande mmoja lilikuwa limeshushwa tayari. Akashusha na lile la upande wa ziwa, chumba kikaingia giza. Akailaza karatasi mezani, akalaza tochi pembeni yake, mwanga ukapita juu ya karatasi kama jua la asubuhi juu ya majaruba ya mpunga. Duara likainuka. Kila herufi ikatupa kivuli chake. Akapiga picha kwa simu, moja tu, ya mega mbili, akaituma. Mstari wa kijani haukupata hata muda wa kutambaa.

Dakika tano baadaye Noella alikuwa akisoma kwenye simu, herufi kwa herufi, jina la mahakama lililozunguka duara lile, bila kuombwa. Alipomaliza alisema, "Sasa nimeuona, mama. Nachapisha zote nakimbia kwa karani."

Saa nane na nusu alipiga tena, akihema. Kurasa ishirini na nne zimepokelewa, kesi itasikilizwa zikiwa ndani.

Generose aliketi. Alifungua pazia. Uani, Gratien alikuwa anaanika shati, naye akainua mkono kwa tahadhari. Generose akauinua wake, kidogo.

"Aksanti, binti yangu," alimwambia Noella. "Karani amekupa karatasi ya kupokea?"

"Amenipa, mama. Yenye cachet ya wino."

"Nitumie."

"Sasa hivi, mama."

"Noella? Pande zote mbili."

Kicheko safari hii hakikuzuiwa na kiganja. Barua ilifika kabla ya saa tisa, nyepesi, ikiwa na kurasa mbili. Wa kwanza ulikuwa na muhuri wa wino na saa ya kupokelewa. Wa pili ulikuwa mgongo mtupu, na kutoka pembe hadi pembe mtu alikuwa ameupiga mstari wa kalamu.