Ukuta Uliokataa Kunyooka

Omer wa mtaa wa Kasulo alikuwa amechoka, na sisemi uchovu wa siku moja. Miaka tisa alichimba kobalti uani kwake, mpaka mkewe Rachelle akamwambia basi, shimo lifukiwe, hapa ni nyumbani kwa watu. Akalifukia. Sasa binti yao Falonne alikuwa amekuja kutoka Fungurume kujifungua, analala na kichanga kwenye chumba cha nyuma, na Rachelle akataka ukuta wa matofali ya simenti nje ya dirisha, wapita njia wasichungulie. Fundi asiitwe, Omer atajenga mwenyewe.

"Lakini unyooke," akasema. "Batu ba hapa banatucheka ya kutosha."

Haya. Omer akapiga vigingi viwili, akavuta kamba, akapanga mistari mitatu, kila tofali akiligonga mpaka povu la nivo, kile kipimio cha fundi, litulie katikati. Usiku hakupata hata ubavu wa kulalia. Asubuhi kamba ipo pale pale, matofali ya katikati yameshuka vidole viwili.

"Aa, Tata Falonne," Rachelle akamwambia mumewe, kikombe cha chai mkononi, "ulijenga na usingizi?"

Omer akabomoa, akakwangua simenti, akashindilia msingi, akapanga upya, huku akijilaani kimoyomoyo. Kesho yake katikati kumeshuka tena, sasa vidole vitatu. Rachelle, na kikombe chake cha chai tena, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Miaka yote ulifwata majiwe chini ya udongo fasi yenye inapinda, leo kamba tu inakushinda!"

Maskini, alikuwa anacheka peke yake. Omer alipiga magoti, akagonga ardhi kwa nyundo. Ikamjibu kwa sauti anayoijua vizuri, ya mahali palipo wazi chini. Akasogea, akagonga tena. Ni ile ile, mpaka chini ya dirisha.

Lo! Alikuwa amemwambia mkewe kwamba njia ya chini aliyochimba kutoka shimoni inaelekea barabarani. Uongo. Mawe ya kobalti yalikata kona kuja chini ya nyumba, naye akayafuata, watoto wakala, wakasoma, akanyamaza. Na siku ya kufukia alijaza mdomo wa shimo tu, kwa kuchoka.

Angeweza kupanga mara ya tatu, wakacheka pamoja, yakaisha. Alivyochoka, alitamani hivyo kwa kweli.

"Mama Falonne," akasema, "ukuta haina kosa."

"Kosa ni ya nani basi?"

"Ni yangu. Mi nilichimba mpaka chini ya kitanda ya Falonne. Ingia polepole, umutoe na mutoto."

Kicheko kilikatika. Rachelle akaweka kikombe chini, akavua sandali mlangoni, akaingia akipita pembeni kabisa mwa chumba. Omer alitaka kumfuata, akakumbuka uzito wake na uwazi ulio chini ya sakafu, akabaki nje.