Bwana Afya na Nyumba ya Wavu

Nilipopangiwa nyumba ile ya Queensbury, ejensi ya walezi wa wazee waliniambia mambo machache tu: mama ana ugonjwa wa kusahau, mumewe bado ana nguvu ila amechoka, na mlango wa mbele unafungwa kwa ufunguo kwa sababu mama hutoka akapotea. Hawakuniambia kwamba Wahindi wale wawili walikuwa wakizungumza Kiswahili.

Mimi kwetu ni Voi, na nilikuwa nikikaa Lewisham, upande wa pili wa London. Asubuhi ya kwanza nilikuwa navua viatu pale mlangoni niliposikia sauti ya kike kutoka jikoni, kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na doa: "Nani huyo? Mwambie apite ndani, chai ipo." Nilishika ukuta. Nilikuwa nimezoea kuwaogesha na kuwavisha wazee wa watu nikiongea nao maneno ya kazi tu, na sasa nimekaribishwa kama mgeni wa nyumbani.

Mzee alicheka aliponiona nimeduwaa. Yeye alikuwa Kalasinga wa Nairobi, mwenye ndevu nyeupe na kilemba alichokifunga mwenyewe kila asubuhi mbele ya kioo. Mkewe alikuwa Mbaniani wa Unguja. "Kwao Kigujarati, kwetu Kipunjabi," akasema. "Tungesemezana nini? Kiswahili ndicho kilichotuoza." Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima sasa, aliyezaliwa hapahapa. Alikuja Jumapili, akasikiliza Kiswahili cha wazazi wake, akawajibu kwa Kiingereza.

Asubuhi mama alikuwa na furaha. Alikula uji, akaimbaimba, akanisifu mikono yangu. Taabu ilianza alasiri. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akakamata kitasa, akaanza kubembeleza.

"Bwana Afya, nifungulie. Ndege inaondoka. Mama ananingoja."

Mzee alisimama hatua chache nyuma yake, mkono mfukoni ulipokuwa ufunguo. Mama aligeuka akamtazama, hakumwona mumewe. Alimwona mtu mwingine kabisa. "Bwana Afya, wewe huna mama?"

Siku ya kwanza nilifikiri ni maneno ya ugonjwa tu. Yaliporudi siku baada ya siku, nikamuuliza mzee. Alikuwa anakatakata bamia jikoni, akaendelea kuzikata alipokuwa akinisimulia.

Ujanani mwake alikuwa msaidizi wa bwana afya katika uwanja wa ndege kaskazini mwa Kenya, jangwani, miaka ya mwisho ya Waingereza. Uwanja wenyewe ulikuwa ardhi iliyosawazishwa tu, mapipa ya mafuta, chumba cha redio, na kando kidogo nyumba ya karantini, madirisha yake na milango yake yote ya wavu wa mbu. Ndege kutoka Sudan zilitua pale kujaza mafuta. Kabla abiria hawajashuka, yeye aliingia na pampu akapuliza dawa ndani, milango imefungwa, Wazungu wakikohoa na kumtukana. Kisha alikagua vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Asiye na cheti, au aliyechanjwa juzijuzi na siku zake hazijatimia, aliwekwa kwenye nyumba ya wavu, ili kama ana homa ile mwilini mbu wa huku wasimuume wakaisambaza.

"Akashuka msichana peke yake," mzee akasema. "Alikwenda Khartoum kumwangalia dada yake aliyejifungua. Huku nyuma mama yao akaugua, akatolewa Unguja akapelekwa hospitali Nairobi, wakampigia simu ya maandishi arudi upesi. Akachanjwa mbiombio, akapanda ndege. Siku zake zilikuwa hazijatimia. Nikamfungia."

"Na mama yake?"

"Ile homa haina mchezo, binti. Ingeingia Nairobi ingeua watu wengi. Ndiyo kazi niliyofundishwa." Aliweka kisu chini. "Kila ndege ya kusini ilipotua aliniita nimfungulie. Siku moja mtu wa redio akanipa habari. Nikaenda nikasimama nje ya wavu, nikamwambia mama yako amefariki. Hakulia. Alikaa chini akaniomba maji."

Alipotolewa, mama yake alikuwa amekwisha kuchomwa, kama desturi yao ilivyo. Mzee alipopata likizo alikwenda Nairobi kumpa pole baba yake yule msichana, ambaye bado alikuwa huko na binti yake kwa jamaa zao. Alirudi tena, na tena. Koo zote mbili zilikataa ndoa ile, lakini wao wakaoana.

Nilisikitika, ila nilifikiri nimeielewa hadithi ile: sheria ngumu, bahati mbaya, kijana aliyefanya kazi yake. Kumbe haikuwa hivyo tu.

Asubuhi moja nilikuwa namsuka mama nywele, amekaa kitandani ametulia, akili yake kama imerudi. Akasema, bila mimi kumuuliza, "Yule memsabu wa Kizungu mwenye kofia ya kijani walimwachia."

"Memsabu yupi, mama?"

"Tulichanjwa pamoja Khartoum. Chumba kimoja, daktari mmoja, yeye mbele mimi nyuma. Tukapanda ndege moja. Yeye alipewa chai, akaambiwa safari njema. Mimi nikafungiwa." Akaigusa mistari niliyokuwa nimeisuka. "Usikaze sana hapo."

Mzee alikuwa mlangoni na taulo mkononi. Nilidhani atasema mama anachanganyikiwa. Badala yake aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Ni kweli," akaniambia. "Daktari wetu Mzungu alimtilia sahihi yule memsabu apite. Nikamwonyesha vyeti, nikasema, bwana, hivi viwili ni sawasawa. Akaniambia nikashughulikie pampu yangu." Akamtazama mkewe. "Hajanitajia hata siku moja, tangu tumeoana. Nilidhani hakuona."

Nilimaliza kusuka. Mama alikuwa ameanza tena kuimba.

Alasiri ya siku ileile mama alisimama tena mlangoni na mkoba wake. "Bwana Afya, nifungulie." Mzee akatoa ufunguo mfukoni.

"Mzee," nikasema, "tumeagizwa tusi—"

"Najua tulivyoagizwa."

Akafungua. Akamvika mama koti na kofia ya sufu, nami nikachukua kiti cha magurudumu nikawafuata. Mama alitembea kwa haraka nisiyoitegemea, ameshika mkono wa mumewe. Tulipita nyumba za majirani, tukapita duka lenye masanduku ya mihogo na majani ya methi, mboga ya Kihindi, barazani. Penye kituo cha basi akasimama, akaangaza huku na huku.

"Ndege iko wapi?"

"Hakuna ndege leo," mzee akasema.

"Na mama?"

Nilitaka kuingilia. Tunafundishwa tusiwape watu kama hawa habari za msiba, tubadilishe mazungumzo. Lakini mzee alikuwa ameshamkalisha kwenye kiti cha kituo, ameinama mbele yake ana kwa ana, mikono ya mkewe ndani ya mikono yake.

"Mama amefariki, mpenzi."

Safari hii alilia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyepigwa na habari sasa hivi, uso wake ndani ya ndevu za mumewe. Watu waliokuwa wakisubiri basi walisogea kando. Mwanamke mmoja aliyevaa sari chini ya koti alinipa pakiti ya karatasi za kufutia machozi, akaenda zake bila kuuliza. Basi likaja, likaondoka. Mama akatulia, akamtazama mzee usoni muda mrefu.

"Wewe ndiwe waliyekutuma uje uniambie?"

"Ndiyo."

"Pole," akasema. "Una kazi mbaya wewe."

Mzee, ambaye sikuwahi kumwona akitoa chozi, alilia palepale barabarani.

Nilirudi Lewisham jioni ile nikijiambia kwamba kitu kimetua, kwamba mzigo ule umeshushwa. Nilikuwa najidanganya. Kesho yake, alasiri, mama alikuwa mlangoni na mkoba begani. Hakukumbuka kituo cha basi, wala machozi, wala pole aliyoitoa. "Bwana Afya, nifungulie. Mama ananingoja." Mzee alifungua, akamtembeza mpaka dukani na kurudi. Alipoulizwa habari za mama, alisema mama hajambo, amelala. Tangu siku hiyo ndilo jibu alilompa. Aliniambia, "Kumwua mama yake mara mbili kunatosha."

Wakati wa baridi kifua kilimbana mama. Alilazwa, na safari hii hakuna mlango uliofungwa. Mzee alikaa kando ya kitanda mpaka mwisho. Habari ya kifo niliambiwa na mtoto wao kwa simu nikiwa kwenye treni. Nilishuka Stratford, kituo kisicho changu, nikasimama katikati ya watu waliobeba mifuko ya maduka nikalia.

Baada ya mazishi nilikwenda kuwaona. Mzee alikuwa amelala chumbani. Mtoto wake alikuwa ameketi kwenye ngazi na suti yake nyeusi, tai ameilegeza. Akaniuliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Dada, mama alikuwa anasema, nifungulie, mama ananingoja. Maneno najua. Tangu mdogo nayajua. Lakini hakuna aliyeniambia. Alikuwa anamlilia nani?"

Niliketi naye pale kwenye ngazi. Sikujua kama ni haki yangu kusema au ni ya baba yake. Nikasikiliza kama mzee ameamka huko juu; alikuwa bado amelala. Nikaanza kumweleza kuhusu bibi yake, na uwanja ule, na wavu. Nilipofika kwa yule memsabu mwenye kofia ya kijani, alijifunika uso kwa mikono yake miwili, akaniomba kwa Kiingereza nisite kidogo. Nikasita. Kisha akasema niendelee.